Moto ukizuka ndani ya chombo cha anga: mwongozo kamili wa zoezi la klabu ya sayansi

Mwongozo huu nimeuandika kwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, au kijana anayeongoza klabu ya sayansi ya skuli, awe Unguja au huku kwetu Pemba. Lengo ni wanafunzi wajue namna wanaanga wanavyojikinga na moto, na wajue kwa kushika, kupima na kukimbizana na saa, si kwa kunakili ubaoni. Mada hii inabeba fizikia, kemia na umeme kwa pamoja, na vifaa vyake vingi unavipata dukani mtaani au nyumbani kwako.

Ukimuuliza mwanafunzi moto ukizuka chomboni afanye nini, atakujibu achukue mtungi wa kuzimia moto. Jibu hilo limewahi mno. Kabla ya mtungi kuna hewa: ipo kiasi gani, ina oksijeni kiasi gani, na nani anaisukuma. Ajali zote tatu utakazozisimulia katika zoezi hili zilikuwa na mkono wa oksijeni ndani yake, na kinga karibu zote zilizopo leo zinaanza na hewa. Ukishika hilo, hatua zilizobaki zitajipanga zenyewe.

Pia wanafunzi wajue kwamba anga si habari ya mbali na visiwa hivi. Pale Tunguu, kilipo sasa chuo kikuu cha SUZA, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyozungumza naye kwa redio. Kituo kilifungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Na hewa aliyokuwa akiivuta Glenn ndani ya kile chombo kidogo ilikuwa oksijeni tupu, kwa mgandamizo wa takriban theluthi moja ya huu tunaoishi nao hapa chini. Shika habari hiyo, utaihitaji kwenye hatua ya tatu.

Vitu vya kukusanya

Kopo la pipi la plastiki, lile kubwa angavu la dukani lenye kifuniko cha kuzungusha, lisipungue sentimita 20 kwa urefu. Mishumaa midogo ya keki. Godoro la sponji. Simu yenye uwezo wa kurekodi video ya mwendo wa polepole. Chetezo, makaa kidogo na udi. Feni ya mezani. Vipande vya kanga kuukuu, vya pamba halisi. Waya wa kuningʼinizia, karatasi za daftari, chaki, maboksi mawili ya katoni, chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, na tishu. Kwa usalama: ndoo mbili za mchanga, ndoo mbili za maji, taulo zito lililoroweshwa, na mtungi wa kuzimia moto wa skuli ukiwa umekaguliwa. Kama hamna mtungi unaofanya kazi, msiguse hatua ya pili mpaka upatikane. Kibiriti kinakaa mfukoni mwa mwalimu tangu mwanzo hadi mwisho.

Muombe mkuu wa skuli ruhusa mapema, na ukiweza mwalike askari wa Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Wanafunzi humsikiliza mtu mwenye sare kuliko wanavyotusikiliza sisi, na yeye mwenyewe atafurahia kuona moto unavyobadilika tabia.

Hatua ya 1: waone moto usio na uzito

Hapa ndipo penye utamu wote, kwa hiyo usipaharakishe.

Anza na mshumaa wa kawaida mezani. Waulize kwa nini mwali wake umechongoka kuelekea juu. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, inapanda, na nyuma yake inavutwa hewa baridi yenye oksijeni mpya. Yaani moto wa duniani unajivutia pumzi wenyewe. Mvutano wa dunia ndio unaoendesha mzunguko huo. Ndani ya chombo kinachoizunguka dunia kila kitu kinaanguka pamoja, hewa moto na hewa baridi hazitengani, kwa hiyo hakuna kinachopanda wala kinachoshuka. Oksijeni inaufikia mwali kwa kusambaa polepole tu. Mwali unakuwa duara, mdogo, wa buluu, na masizi yake ni machache.

Sasa waonyeshe. Geuza kifuniko cha kopo, gandisha mshumaa wa keki katikati yake kwa nta iliyoyeyuka, na hakikisha umesimama imara. Fungeni madirisha ili chumba kiwe na giza la kutosha. Weka godoro chini, weka simu juu ya kiti mbele ya godoro, umbali wa hatua mbili, ikirekodi kwa mwendo wa polepole. Panda juu ya meza imara, mwanafunzi mmoja aishike. Washa mshumaa, funika kopo juu yake na ulizungushe likaze, kifuniko kikiwa chini. Mwali ukishatulia, ndani ya sekunde kumi hivi, liachie kopo lianguke wima kutoka urefu wa mita 2. Usilisukume. Ukichelewa mshumaa utamaliza oksijeni iliyomo na kuzimika mkononi mwako.

Kuanguka huko kunachukua sekunde 0.6 na kidogo. Kwa macho hamtaona kitu zaidi ya kopo kutua. Kwenye video, rudisheni polepole: punde tu kidole kinapoachia, ile ncha ya njano inanywea, mwali unashuka kuelekea utambi kama uliovutwa kutoka chini, unanenepa pembeni, unafifia na kuwa na ukingo wa buluu. Kisha kopo linagusa godoro, na mwali ama unaruka juu ghafla ama unazimika kwa kishindo. Kwenye klabu yetu mtoto wa kidato cha pili aliuliza, "Maalim, mbona umekufa na hewa bado imo?" Swali hilo ndilo unalolitafuta. Hewa imo, ila hakuna anayeipeleka.

Rudieni mara kadhaa na kila kikundi kichore umbo la mwali kabla ya kuachia na wakati wa kuanguka. Waambie kwamba wanasayansi wanafanya jambo hilihili kwa gharama kubwa zaidi: kituo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kilichopo Cleveland, jimbo la Ohio, kina shimo ambamo kifaa kinaanguka mita 132 na kupata sekunde 5.18 za kutokuwa na uzito. Msijaribu kuiga kwa kudondosha kopo kutoka ghorofani. Meza inatosha.

Usiwaache watoke na dhana kwamba moto wa angani ni dhaifu na unajifia wenyewe. Kwenye kituo cha Kirusi cha Mir, mwaka 1996, mishumaa ya majaribio iliwashwa na baadhi ikawaka kwa muda wa hadi dakika 45. Zaidi ya hapo, chomboni hewa haijatulia hata siku moja. Bila feni, hewa chafu aliyoitoa mwanaanga aliyelala ingebaki imemzunguka usoni, kwa hiyo feni zinazunguka mchana na usiku. Zile feni zinaufanyia moto kile kinachofanywa na kipepeo mbele ya seredani. Na kuna vitu ambavyo, vikipata upepo mwepesi wa namna hiyo, vinaweza kuwaka katika oksijeni pungufu kuliko inavyohitajika kuwaka duniani. Ndiyo sababu amri ya kwanza moto ukigundulika ni kuzima upepo.

Moshi nao una somo lake. Tia udi kwenye chetezo, uweke mezani feni ikiwa imezimwa. Moshi unapanda wima mpaka darini, na hiyo ndiyo sababu vifaa vya kunusa moshi majumbani vinafungwa darini. Washa feni kwa mbali: moshi unakatika na kulala kuelekea ukutani. Chomboni hakuna dari ambayo moshi utaipandia, unakwenda unakopelekwa na hewa tu. Kwa hiyo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga vinusa moshi vimewekwa kwenye mkondo wa hewa inayorudi kuchujwa. Muulize kila mwanafunzi: kama darasa hili ni chombo na feni ipo pale, wewe ungekifunga wapi kinusa moshi? Wakisimama mahali wanapopachagua, pitisha chetezo, waone nani moshi umemfikia kwanza. Wenye pumu wakae nje kwa sehemu hii, waangalie kupitia dirishani.

Hatua ya 2: amueni kipi kiruhusiwe kupanda

Fanyeni kazi hii nje, kwenye uwanja usio na majani makavu, na mapema asubuhi. Miezi ya kusi upepo ukishaanza kuvuma hamtapata jibu la kuaminika.

NASA ina jaribio ambalo karibu kila kitu kinachopelekwa angani kinapitishwa. Kipande cha takriban sentimita 30 kinaningʼinizwa wima na kuwashwa kwa chini. Kikiungua zaidi ya sentimita 15 kabla ya kujizima, kimeanguka mtihani. Kikidondosha matone au majivu yenye moto yakawasha karatasi iliyowekwa chini yake, nacho kimeanguka. Huwashwa kwa chini kwa makusudi, maana duniani moto unaopanda ndio mkali zaidi.

Nyinyi tumieni vipande vya kanga vya sentimita 30 kwa 5. Pigeni mstari wa kalamu katikati, kwenye sentimita 15. Ningʼinizeni kipande kwa waya kwenye chuma, kisichoshikwa na mtu yeyote. Cha kwanza mwalimu akiwashe juu, na mtu ahesabu sekunde mpaka moto ufike mstarini. Cha pili akiwashe chini. Tofauti itakuwa kubwa kiasi kwamba hakuna haja ya kuieleza: moto unaoshuka unatambaa, unaopanda unaruka, kwa sababu ile hewa moto inakiandaa kitambaa cha juu kabla mwali haujakifikia. Zimeni kila kipande kwa maji na si kwa kukanyaga. Msijaribu nailoni, viroba wala sponji. Vitu hivyo vinayeyuka, vinadondosha matone yanayonata kwenye ngozi, na moshi wake ni sumu.

Kanga ya pamba itaanguka mtihani huo bila ubishi, na hapo mwanafunzi makini atauliza wanaanga wanavaa nini. Wanavaa pamba. Pamba inaungua, lakini haiyeyukii mwilini. Kinachofanyika ni kuidhibiti: nguo zinakaa ndani ya mifuko ya kitambaa kisichoshika moto, mbali na umeme, na akiba yake haiachwi ikielea ovyo. Karatasi nazo ni hivyohivyo. Ningependa wanafunzi wauone mpango huu vizuri, kwa sababu ndio usalama wenyewe ulivyo: kitu chenye hatari kinaruhusiwa pale ambapo mtu ameandika kitakaa wapi, kiasi gani, na karibu na nini.

Baada ya hapo wape kila kikundi orodha ya mizigo kumi ya msafiri (simu, betri ya akiba, daftari, msuli, mafuta ya nywele, kibiriti, godoro, na vingine mtakavyochagua) na wakate shauri: kiruhusiwe, kikataliwe, au kiruhusiwe kwa masharti. Betri za lithiamu wazijadili kwa urefu. Zikiharibika zinazalisha joto zenyewe kutoka ndani, na kuzifunika pekee hakutoshi, zinahitaji kupoozwa.

Hatua ya 3: ajali tatu, zisimuliwe kwa utaratibu

Andika kila ajali kwenye kadi, kikundi kimoja kwa kadi moja. Kazi yao ni kutafuta hewa ilichangia nini, na kutaja jambo moja ambalo lingefanywa kabla.

Kadi ya kwanza ni ya Valentin Bondarenko, kijana wa Kisovieti aliyekuwa akijiandaa kwa safari ya anga. Machi 23, 1961, akiwa kwenye chumba cha mazoezi chenye oksijeni nyingi, alijifuta ngozi kwa pamba yenye spiriti, akaitupa, ikaangukia kwenye jiko la umeme. Moto uliruka mpaka kwenye nguo zake. Mgandamizo wa chumba ulizuia mlango kufunguliwa haraka, na alifariki kwa majeraha. Habari yake ilifichwa hadi miaka ya 1980, ikimaanisha kwamba wenzake wa upande wa pili, yaani Wamarekani, hawakupata nafasi ya kujifunza kutoka kwake.

Kadi ya pili ni chombo cha Wamarekani, Apollo 1, tarehe 27 Januari 1967. Wanaanga Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikuwa wamefungiwa ndani ya chombo kilichokuwa juu ya roketi isiyo na mafuta, kwa mazoezi tu. Kwa kuwa roketi haikuwa na mafuta, zoezi halikuhesabiwa kuwa la hatari. Lakini chombo kilijazwa oksijeni tupu, tena kwa mgandamizo unaozidi kidogo ule wa nje. Hapo mkumbushe mwanafunzi kuhusu Glenn: oksijeni tupu kwa theluthi ya mgandamizo ni jambo moja, na oksijeni tupu kwa mgandamizo kamili ni jambo jingine kabisa. Wapigishe hesabu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 katika mgandamizo wa kilopaskali 101. Mle ndani ilikuwa asilimia 100 katika takriban kilopaskali 115. Watapata zaidi ya mara 5. Katika hali hiyo hata vitu ambavyo kwa kawaida haviungui upesi vinashika moto kwa cheche, na mle kulikuwa na nailoni na vitambaa vya kunata kila upande. Mlango wa ndani ulifunguka kwa kuvutwa ndani, na mgandamizo wa moto ukaukandamiza usifunguke. Hata katika utulivu kuufungua kulihitaji kama sekunde 90. Wote watatu walifariki. Baadaye mlango ulitengenezwa upya ufunguke kwa nje kwa sekunde chache, vitambaa vikabadilishwa, na hewa ya wakati wa kuruka ikawa oksijeni asilimia 60 na naitrojeni asilimia 40.

Kadi ya tatu ni Mir, tarehe 23 Februari 1997. Watu 6 walikuwa kituoni. Alexander Lazutkin aliwasha mkebe wa kemikali unaozalisha oksijeni, kazi ya kila siku pale idadi ya watu ilipoongezeka, na mkebe ukawaka moto. Wanafunzi wakiisoma kadi hii watakwama kwenye jambo moja, na waache wakwame kidogo: moto huu ulikuwa unajitengenezea oksijeni wenyewe. Povu haliwezi kuunyima hewa moto wa namna hiyo. Kinachowezekana ni kupooza kuta zilizouzunguka mpaka mkebe uishe. Moshi ulijaa kituoni, na njia ya kwenda kwenye mojawapo ya vyombo viwili vya Soyuz, ambavyo ndivyo vya kuokolea, ilikuwa imezibwa na moto. Mmarekani aliyekuwamo, Jerry Linenger, alichukua barakoa ya kwanza, lakini haikutoa hewa, ikabidi akimbilie nyingine. Mitungi kadhaa ya kuzimia moto ilikuwa bado imefungwa ukutani kwa mikanda. Wote 6 walinusurika.

Simulieni kwa heshima. Hawa ni watu waliokufa au waliokaribia kufa, na watoto wa visiwani wanaojua maana ya kumsubiri mtu aliyesafiri hawahitaji kuongezewa chumvi.

Hatua ya 4: geuzeni darasa kuwa kituo

Panga meza ziwe vyumba vinne, na chora milango kwa chaki sakafuni. Chumba kimoja kiandike Soyuz A, na upande wa pili wa darasa kimoja kiandike Soyuz B. Katikati ni sehemu ya kazi na sehemu ya kulala. Feni ya mezani iwekwe kwenye njia ya kati, ikiwa imewashwa. Swichi yake iwe na mwenyewe.

Chombo kina watu 6: mkuu wa chombo, msaidizi wake anayeshika orodha ya hatua kwenye karatasi, mpimaji, mzimaji, na wawili wa kawaida. Wanafunzi wengine ni watazamaji wenye saa na daftari, na kazi yao ni kuandika nani alifanya nini katika sekunde ya ngapi.

Kipimo cha sumu hakipo, basi kitengenezeni. Wanaanga wana kifaa cha mkononi kinachosoma kaboni monoksaidi na gesi nyingine zinazotokana na kuungua, na wanautafuta moto uliojificha nyuma ya mitambo kwa kufuata namba zinazopanda. Wewe kata karatasi ndogo, ziandike namba, zifunike juu ya kila meza. Namba kubwa kabisa iwe kwenye meza yenye "moto", na zinazoizunguka zipungue kadiri zinavyokuwa mbali. Mpimaji anafunua karatasi moja moja na kutaja namba kwa sauti. Akikimbilia kufunua ovyo, atapoteza muda. Akifuata mwelekeo, atafika mapema.

Kwenye meza hiyo weka boksi la katoni lililofungwa kote kwa seloteipu, na tundu moja la upana wa kidole. Ndani bandika tishu iliyopigwa wino mwekundu. Kituo halisi kina matundu ya namna hii kwenye paneli za mitambo: unaingiza mdomo wa mtungi na kufyatua ndani bila kufungua paneli, kwa sababu ukifungua unaukaribisha upepo.

Hatua ya 5: zoezi lenyewe

Mwalimu anapiga kengele. Kutoka hapo mpangilio uwe huu, na msaidizi ausome kwa sauti kutoka kwenye karatasi hata kama kila mtu anaukumbuka. Kwenye dharura kumbukumbu ni kitu cha kwanza kupotea.

Kwanza, aliyeona anatangaza: "Moto! Chumba cha kazi!" Neno na mahali, basi. Asianze kueleza.

Pili, upepo uzimwe. Kwenye kituo cha kweli king'ora cha moto kinasimamisha feni za kupitisha hewa kati ya vyumba chenyewe, na watu wanahakikisha kweli zimesimama. Hapa mwenye swichi anaizima na kusema "Upepo umezimwa." Kikundi kikisahau hatua hii, simamisha zoezi wakaanze upya. Hiyo ndiyo hatua pekee ninayowakatishia.

Tatu, barakoa. Tumieni barakoa za kitambaa, ziwe zimewekwa mahali palepale kila siku. Ziwe saba kwa watu sita, na mojawapo iwe imekatwa mkanda bila wao kujua. Atakayeipata atajua alivyojisikia Linenger.

Nne, wote wanakutana mahali salama, upande wenye Soyuz isiyozibwa, na mkuu wa chombo anawaita kwa majina. Mpaka watu 6 wamehesabiwa, hakuna anayegusa mtungi. Utaona wavulana wakubwa wanataka kurukia moto kabla ya hesabu. Warudishe.

Tano, umeme wa chumba kile ukatwe. Moto mwingi wa chomboni chanzo chake ni nyaya au kifaa kilichopata joto kupita kiasi, na mara nyingi ukikata umeme moto unakosa wa kuulisha. Mkuu anaagiza, mtu mmoja anatekeleza, kisha anarudia kwa mdomo alichokifanya.

Sita, mpimaji na mzimaji wanaingia wawili pamoja. Wanafuata namba. Wakifika, mzimaji anaingiza mguu kwenye kitanzi cha kamba ulichofunga kwenye mguu wa meza, ndipo anafyatua chupa ya maji kupitia tundu. Kitanzi hiki si mapambo. Bila uzito, mtungi ukirusha kitu mbele unakusukuma wewe nyuma. Tishu ikilowa yote, wamefaulu. Wakifungua boksi, wamefeli.

Waeleze pia kwa nini aina ya mtungi ina uzito wake. Upande wa Kirusi wa kituo unatumia povu la maji. Upande wa Marekani ulianza na kaboni dayoksaidi, ambayo haiachi maji kwenye mitambo, ila katika chumba kilichofungwa inawaongezea watu hewa wasiyoweza kuivuta. Baadaye ikaletwa mitungi ya ukungu laini wa maji.

Saba, watoke na kufunga mlango. Chora mstari wa chaki na uweke kiti. Ikiwa moto bado upo, mlango uliofungwa unaunyima hewa mpya, na ikiwa kila kitu kimeshindikana, hewa ya chumba kile inaweza kumwagwa nje angani ili moto ufe kabisa. Hiyo ni hatua ya mwisho, na kabla yake watu lazima wawe upande salama.

Nane, barakoa haivuliwi kwa sababu moshi hauonekani. Inavuliwa kwa sababu kipimo kimesema. Mpimaji arudie kusoma namba mpya utakazozibadilisha, na mkuu asiruhusu mpaka zote ziwe chini ya kiwango mlichokubaliana. Gesi mbaya za moto wa plastiki hazina rangi, na katika chombo hakuna dirisha la kufungua.

Hapohapo, kabla ya kurudia zoezi, sema jambo moja kwa uwazi na uwaambie walirudie. Haya yote yanafanyika kwa kuwa mwanaanga hana nje. Nyumbani nje ipo. Moto ukizuka nyumbani, mtoto anatoka, anawaita wakubwa, harudi ndani kuchukua simu wala mkoba, na hajifanyi mzimaji. Kitu pekee cha zoezi hili kinachokwenda nyumbani kama kilivyo ni kuhesabiana watu mkishatoka.

Hatua ya 6: rudieni, mkiongeza ugumu

Mara ya kwanza wataboronga, na ndivyo inavyopaswa. Watazamaji wasome walichoandika, bila kutaja jina la mtu kwa kumcheka, na kikundi kichague jambo moja tu la kurekebisha.

Mara ya pili hamisha moto uwe mlangoni mwa Soyuz A, watu wawili wakiwa upande huo. Hapa utaona kama mkuu wa chombo anafikiri. Soyuz inabeba watu 3 tu. Je, wawili wale wapite karibu na moto kwenda kwa wenzao, au waingie Soyuz yao na kusubiri? Usiwape jibu. Waache wabishane kwa dakika tano, kisha wapige kura na waandike sababu.

Mara ya tatu, moto uwe mkebe wa oksijeni kama wa Mir. Mzimaji akimwaga maji yote na wewe ukamwambia "bado unawaka," atafanya nini? Anayesema "tupooze kuta na tulinde njia mpaka uishe" ameielewa kadi ya tatu.

Alama mzigawe hivi: 20 kwa kuzima upepo na umeme kwa wakati, 20 kwa hesabu ya watu, 20 kwa kuufuata moto kwa namba, 10 kwa kuzima kupitia tundu, 30 kwa barakoa kubaki usoni mpaka mwisho. Hizo 30 ndizo zinazopotea zaidi. Wakishasikia "moto umezimika" wanashangilia na kuzivua, kwa hiyo watazamaji wawili wapewe kazi ya kuangalia nyuso tu.

Mkimaliza, mabaki ya kanga yalale kwenye ndoo ya maji mpaka kesho yake ndipo yatupwe, makaa ya chetezo yafukiwe mchangani, na kikundi kilichopata barakoa iliyokatika mkanda ndicho kikague barakoa zote kabla ya zoezi la mwezi ujao.